Breki Nyekundu za Mbuya

Breki yangu ya kwanza ilikuwa ndala. Tanga ni mji wa baiskeli, na sisi wadogo tulirithi baiskeli ambazo kaka zetu walikwisha kuzimaliza breki. Ukifika penye mteremko unatoa mguu wa kulia kwenye pedali, unaupeleka nyuma na kuikandamiza ndala juu ya tairi. Mpira unakula mpira. Baada ya mwezi soli imechimbika mfereji, na mama anakuuliza kama ndala hizi unazivaa au unazitafuna.

Mke wangu, Mama Salma, anashikilia kwamba yaliyonikuta Mbuya yasingenikuta kama ningebaki na ndala zangu.

Mbuya ni kilima cha upande wa mashariki wa Kampala. Huko juu kuna kanisa, hospitali ya jeshi na nyumba zenye mageti marefu. Chini ni Kinawataka, kwenye tope, chapati za mayai na bodaboda zisizo na idadi. Mimi nimepanga katikati, na kazi yangu ni kufundisha Kiswahili. Hapa lugha yetu ilikaa miaka mingi ikiitwa lugha ya kambini, ya kuamrishana. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda likakubali kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, basi wazazi waliokuwa wakinipita njiani wakaanza kunisalimia. Masomo ya jioni yakaongezeka. Hela ikaingia, na mwalimu aliyeingiwa na hela asiyoizoea ni wa kufungiwa ndani.

Nilinunua Subaru Impreza. Wajuzi watauliza Impreza ipi, na hapo ndipo ninapoinamisha kichwa. Ni ile ya injini ya lita 1.5, gari la kwenda sokoni. Ila aliyeniuzia alikuwa ameipachika bawa nyuma na ekzosi ya kunguruma, kiasi kwamba kwa mlio ni gari la Colin McRae aliyechukua ubingwa wa dunia na Impreza mwaka 1995, na kwa mwendo ni gari la mwalimu anayechelewa kipindi. Kampala watu wanaujua mlio huo. Ndio mji wa Charles Muhangi, bingwa wa mbio za magari Afrika mwaka 1999. Ukipita ukinguruma watoto wanageuka, na ikibidi kusema kweli, nilikuwa napita hata pale nisipokuwa na safari.

Asubuhi moja tunateremka kuelekea Kinawataka, Mama Salma akanusa hewa.

"Baba Salma, kuna mtu anachoma ndala."

Hakuna aliyekuwa anachoma ndala. Lilikuwa gurudumu letu la mbele, la kushoto. Nilishuka, nikalowesha kidole kwa mate, nikagusa rimu. Ikalia *chwaa*, kama kitumbua kikimiminwa kaangoni.

Fundi wangu hufanya kazi chini ya mwembe. Akalivua gurudumu, akaishika kalipa, ile taya ya chuma inayoibana diski, akaitikisa. Haikutikisika.

"Ssebo, pini imekwama."

Akanieleza kwa subira. Kalipa ya gari langu ina pistoni upande mmoja tu. Pistoni ikisukuma pedi ya ndani, mwili mzima wa kalipa unateleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje. Pini ikishika kutu, taya haitelezi wala hairudi. Pedi inashinda imelala juu ya diski, ukikanyaga usikanyage, na ndiyo hiyo harufu. Dawa yake ni kuichomoa pini, kuisugua kwa msasa, kuipaka grisi na kuirudisha. Shilingi 30,000.

Mtu mwenye akili hapo anasema ahsante. Mimi nilisema, "Na tukibadilisha breki zote?"

Fundi akaweka spana chini, akanitazama jinsi daktari anavyomtazama mgonjwa aliyekuja na mafua akaomba upasuaji. Kisha, taratibu, uso wake ukaingia biashara.

Usiku huo sikulala, nasoma kwenye simu. Nikajifunza kwamba ukizidisha mwendo mara mbili, nishati ambayo breki inapaswa kuimeza inazidi mara nne. Hesabu hiyo ilinitia hofu kweli. Haikunipitikia kwamba jamu ya Jinja Road ilikuwa inanisimamisha bure kila siku, wala kwamba gia namba nne ya gari lile nilikuwa siifikii hadi wikendi.

Kesho yake nilikuwa Kisekka, kwenye soko la vipuri la Nakivubo Road, ambako mtu akikuona unatembea polepole anakuuliza unatafuta nini kabla ya salamu. Nikapata kalipa za pistoni nne za WRX, ile Impreza yenye mbio kweli, zilizotumika Japani, nyekundu kama pilipili, zenye neno SUBARU kwa herufi nyeupe, pamoja na diski zake za milimita 294. Nilizibeba mapajani ndani ya taksi kama mtu aliyetoka hospitali ya uzazi.

Zikafungwa, na bolti zikaingia vizuri. Kisha fundi akainua gurudumu ili alirudishe, likaenda nusu, likagota. Akaligeuza. Likagota. Rimu zangu zilikuwa za inchi 15, na kalipa mpya zilitaka 16. Basi nikanunua rimu nne. Rimu za inchi 16 hazivai tairi za 15, kwa hiyo nikanunua na tairi nne. Ile kazi ya 30,000 sasa ilikuwa imefika milioni tatu na ushee, na gari lilikuwa bado juu ya matofali.

Ikabaki kutoa upepo kwenye mabomba ya breki. Kazi hii inataka watu wawili wanaosikilizana, na sisi tumeoana miaka kumi na mbili. Mama Salma akakaa kwenye usukani, fundi akalala chini na mpira mwembamba uliotumbukizwa kwenye chupa ya soda, mimi nikasimama katikati kuwa mkalimani.

"Kanyaga!" nikasema.

"Nimekanyaga."

"Shikilia!"

Fundi akalegeza skrubu. Yakatoka mafuta meusi kama chai ya rangi iliyolala. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na Kampala unyevu haununuliwi. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 230. Yakishashiba maji huanza kuchemka kwenye nyuzi 155, na mvuke ukiingia ndani, pedali inazama mpaka sakafuni bila gari kusimama. Nikawa nayafafanua haya kwa sauti ya darasani nilipomwona Salma amebeba kopo la mafuta mapya.

"Achia hilo!"

Mama Salma akaachia pedali. Skrubu ilikuwa wazi. Bomba likavuta upepo wote tuliohangaika kuutoa, *srrrp*, kama mtoto anayemalizia juisi. Salma naye, mtoto mtiifu, akaliachia kopo. Liliangukia boneti, na sasa ninajua kwamba mafuta ya breki hula rangi ya gari kuliko mchwa anavyokula mlango. Tulianza upya. Mama Salma hakusema neno, na nyumbani kwetu hilo huwa neno refu sana.

Breki mpya zina mwiko wake: lazima pedi na diski zizoeane. Unakwenda kilomita 60 kwa saa, unapunguza hadi 15 bila kusimama kabisa, unarudia mara kumi hivi, ili pedi ipake utando wake juu ya diski. Nikachagua saa kumi na moja alfajiri, barabara ya kilimani ikiwa tupu. Niliporudia mara ya saba, jirani yangu, afande mstaafu anayekimbia kila alfajiri kama vile yumo bado kazini, akaninyooshea mkono.

"Mwalimu, mimi nimekuhesabu. Unaenda mbio, unaogopa. Unaenda mbio, unaogopa. Shida ni gani?"

"Nazoesha breki, afande."

"Breki inazoea nini?"

"Inaizoea diski."

Akatafakari. "Kama kuruta." Halafu, akiwa amekwisha kuanza kukimbia tena, akageuka. "Na ule wa nyuma umemwambia?"

Sikumwelewa hadi Alhamisi. Karibu na taa za Nakawa, matatu mbele yangu ikasimama katikati ya njia kushusha abiria. Nikakanyaga. Aa, jamani! Gari lilisimama kama mbuzi aliyekataa kamba. Kalamu zote zikaruka kutoka kwenye dashibodi. Nikawa natabasamu peke yangu, na tabasamu hilo lilikuwa bado usoni niliposikia kishindo.

Nyuma kulikuwa na bodaboda, na kwenye boda mkungu wa matoke. Dereva alikuwa mzima, namshukuru Mungu. Mkungu ulikuwa umeketi juu ya buti langu, mahali lilipokuwa bawa.

"Ssebo," akaniambia, akijipangusa, "kwa nini unasimama ghafla hivyo? Ungesimama polepole kama watu."

Baraza la wapita njia lilikaa papo hapo na kuamua kwamba ana haki. Mwenye Subaru ya mbio amlipie mwenzake taa. Nikalipa. Kisheria sijui, kwa mantiki ya Jinja Road hukumu ile siwezi kuikatia rufaa.

Wiki mbili baadaye, mvua inanyesha, nikapata pancha ya mbele pale Kinawataka. Nikalitoa tairi la akiba, la inchi 15. Likaenda nusu, likagota kwenye ile nyekundu. Ikabidi nifungue gurudumu la nyuma, zima kabisa, nilihamishie mbele, kisha la akiba nilifunge nyuma. Mama anayechoma mahindi kibarazani alivumilia mpaka akashindwa.

"Mwalimu, hilo halina pancha!"

Kalipa zangu za zamani nilimwachia fundi. Jumamosi iliyopita nilimkuta chini ya mwembe ameipakata ile ya kushoto. Alichomoa pini, imevaa kutu ya rangi ya machungwa, akaisugua kwa msasa mpaka ikang'aa, akachovya kidole kwenye grisi, akairudisha. Kisha akaisukuma kwa kidole gumba. Ikateleza, ikaenda, ikarudi. Akaisukuma tena.

"Unamfungia nani?" nikamuuliza.

Akanyoosha kidevu upande wa pili wa mwembe. Gari la afande lilikuwa juu ya jeki, limeshavuliwa gurudumu la mbele.