Kazi Ngumu ya Kutokuwa na Kazi

Mtu mzima anapotangaziwa mbele ya foleni ya majirani zake kwamba namba ya simu aliyoitumia kwa miaka mingi haimtambui, hupatwa na fedheha ambayo wataalamu wa hifadhi ya jamii bado hawajaipa nafasi inayostahili. Hifadhi ya jamii, kwa maana inayotumika hapa, ni mpango wowote wa kisheria unaomkinga mtu asianguke kabisa pindi kipato chake kinapokatika kwa uzee, ugonjwa, uzazi, ajali au kukosa ajira, na Mkataba Namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, unataja matawi tisa ya kinga hiyo, kukosa ajira likiwa mojawapo. Fedheha haimo katika matawi hayo. Iliyochunguzwa katika insha hii ilitokea Wandegeya, Kampala, mwezi Julai 2021, kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu, na aliyeipata hadi leo huvuka barabara kila anapokaribia kibanda hicho, hata kama gari linakuja.

Wandegeya ni mtaa ulio chini ya kilima cha Makerere, katika tarafa ya Kawempe, na uchumi wake umesimama juu ya tumbo na karatasi. Kwa upande wa tumbo kuna kuku wa kuchoma na rolex, yaani chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai. Kwa upande wa karatasi kuna maduka ya kuchapa, kutoa nakala na kujalidi tasnifu za wanafunzi wa chuo kikuu, ambao kwa desturi hukumbuka kwamba wana tasnifu siku moja kabla ya kuikabidhi. Mdai anayehusika, ambaye hatatajwa jina kwa kuzingatia maadili ya utafiti, ingawa mwandishi wa insha hii hula naye sahani moja na kulala naye kitanda kimoja, alikuwa mjalidi katika mojawapo ya maduka hayo. Vyuo vilipofungwa tarehe 7 Juni 2021 kwa ajili ya wimbi la pili la korona, na usafiri wa umma ukapigwa marufuku kuanzia tarehe 18 mwezi huohuo kwa siku 42, gundi ya mjalidi ilikaukia kwenye kopo.

Ikumbukwe kwamba Uganda haina fao la kukosa ajira, yaani malipo ambayo mtu aliyepoteza kazi huyadai kama haki yake kwa sababu yeye au mwajiri wake aliyachangia. Kilichokuwapo ni msaada wa dharura, ambao hutolewa serikali inapoona vema, na namna ya kuutoa ilikuwa imeshabadilika mara moja. Katika zuio la kwanza, Aprili 2020, ulitolewa kwa chakula, ukianzia Bwaise, jirani kabisa na Wandegeya, kwa kipimo cha kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharagwe kwa kila mtu. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro nyingi, lakini ulikuwa na sifa moja ambayo haikuthaminiwa wakati ule: gunia halimuulizi mtu jina la ukoo. Mwaka 2021 serikali iliacha magunia ikachagua pesa, shilingi 100,000 kwa kila kaya iliyoteuliwa, kwa takribani kaya nusu milioni za Kampala na miji mingine, na Waziri Mkuu Robinah Nabbanja, aliyekuwa na wiki chache tu katika wadhifa huo, akawa ndiye sura ya mpango mzima, hata watu wa mitaani wakazoea kuziita pesa hizo kwa jina lake.

Kustahili kulikuwa na masharti. Orodha ya walengwa ilitaja madereva na makondakta wa taksi, waendesha boda boda, wahudumu wa baa, wafanyakazi wa saluni, wachuuzi, waosha magari na wengine wa aina hiyo, nayo ilidhihirisha kwamba serikali iliwaona waliofungiwa kwa amri ya wazi kuliko waliokwama kwa sababu tu wateja wao walirudishwa makwao. Wajalidi wa tasnifu hawakuwamo. Kikwazo hicho kiliondolewa na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa ambalo ndilo ngazi ya chini kabisa ya utawala nchini Uganda, na ambalo mwenyekiti wake huandika barua za utambulisho, husuluhisha ndoa na hujua nani anadaiwa kodi ya chumba. Baada ya kutafakari huku ameshika kalamu, mzee huyo aliamua kwamba, kwa kuwa chumba cha kujalidia kilitenganishwa na saluni kwa ubao mmoja tu, mjalidi alikuwa mfanyakazi wa saluni kwa njia ya ujirani, na akaliandika hilo kwa mwandiko mzuri kuliko uamuzi wenyewe.

Hapa inafaa kueleza jinsi jina lilivyosafiri, kwa sababu ni mfumo unaostaajabisha hata unapomdhulumu mtu. Kutoka daftari la mtaa, jina liliingia katika orodha ya ngazi za juu likiwa limeambatana na vitu viwili: namba ya simu na namba ya utambulisho wa taifa. Namba hii ya pili ilianza kutolewa katika uandikishaji mkubwa wa mwaka 2014, na ina tarakimu na herufi 14, ambapo ya kwanza ni C kwa raia, ya pili ni M au F kwa jinsia, na mbili zinazofuata ni za mwaka wa kuzaliwa, kiasi kwamba mtu akiikariri namba yake sokoni huwa amewatangazia wauza nyanya umri wake. Tangu mwaka 2017 kila laini ya simu ilitakiwa kuhakikiwa kwa namba hiyo. Kwa nadharia, basi, ilikuwa ni suala la kompyuta kulinganisha orodha ya mtaa, daftari la vitambulisho na daftari la kampuni ya simu, kisha majina yakifanana, pesa itoke benki iingie kwenye simu bila mkono wa ofisa yeyote kuigusa.

Nadharia hiyo ilidhani kwamba watu wana majina kwa namna ambayo kompyuta hudhani watu wana majina. Fomu ya kitambulisho huuliza jina la ukoo kwanza, halafu jina la kupewa, mpangilio ulioletwa na Wazungu ambao kwao mtoto hurithi jina la baba. Katika Buganda, ambamo Wandegeya imo, mtoto hupewa jina kutoka hazina ya majina ya ukoo wake, kila mmoja lake, hivyo ndugu watatu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina matatu tofauti na wote wakawa wameandikwa kwa usahihi. Lipi kati ya hayo na la ubatizo au la Kiislamu liandikwe kwenye mstari wa juu, aliamua karani wa siku hiyo, na karani wa kampuni ya simu aliamua kivyake. Isitoshe, tahajia sanifu ya Kiganda, iliyopitishwa mwaka 1947, hutaka konsonanti inayokazwa mwanzoni mwa neno iandikwe mara mbili, kama katika Ssebunya, ilhali mamia ya watu na makarani wao huandika Sebunya bila mtu yeyote kuumia. Sikio haliulizi kama ni S moja au mbili. Kompyuta huhesabu.

Kwa hiyo ujumbe ulipochelewa wakati majirani wameshapata wao, mdai alikwenda kwa wakala kuuliza. Kibanda kilikuwa cha mbao, kimepakwa rangi ya kampuni, na foleni yake ilikuwa na waendesha boda boda wengi waliokuwa wamebakiwa na ruhusa ya kubeba mizigo tu na muda mwingi wa kusikiliza mambo ya wenzao. Binti wa wakala aliingiza namba, akasubiri, akainua uso. "Ssebo," alisema, kwa neno la heshima ambalo Waganda humwita mwanamume, "jina limekataa." Alipoombwa afafanue, alisoma kwa sauti jina lililoonekana kwenye kioo, polepole, silabi kwa silabi, nalo lilikuwa jina la mwanamke. Laini hiyo ilikuwa imesajiliwa miaka mingi nyuma na shangazi yake, ambaye alikuwa na kitambulisho wakati mpwa wake hana, kwa wema mtupu, na uhakiki wa 2017 uliipitisha kwa sababu shangazi, akiwa mtu wa sheria, alikwenda kuihakiki mwenyewe. Mbele ya dola, basi, mdai alikuwa mama wa makamo mkazi wa Masaka.

Kicheko kilichofuata hakihitaji uchambuzi. Inatosha kusema kwamba shangazi wa upande wa baba huitwa ssenga kwa Kiganda, kwamba ssenga ndiye humfunda msichana mambo ya ndoa kabla ya harusi, na kwamba tangu siku hiyo vijana wa kijiwe cha boda boda pale humwomba mdai ushauri wa unyumba kila anapopita, wakimwita Ssenga kwa adabu kamili, huku wamevua kofia.

Laini mpya, iliyosajiliwa kwa jina lake halisi, ilikataliwa kwa sababu ya S moja.

Ofisi aliyotumwa kurekebisha ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona.

Pesa ziliingia siku ambayo hakuna aliyezitazamia, na mkopo wa simu ukajikatia chake kabla hajamaliza kuusoma ujumbe.

Kiasi chenyewe kinastahili hesabu, kwa kuwa wakati ule ilionekana utovu wa shukrani kukihesabu. Shilingi 100,000 zikigawanywa kwa siku 42 ni takribani shilingi 2,380 kwa siku, nazo zilikuwa za kaya nzima, si za mtu mmoja. Kwa bei za Wandegeya, hiyo ni rolex moja na chenji kidogo, ambayo baba, mama na watoto wangeigawana kwa rula. Kutoa pesa kwa wakala kulikuwa na makato yake, na juu ya makato kulikuwa na ushuru wa asilimia 0.5 kwa kila kiasi kinachotolewa, uliobaki baada ya ule wa asilimia 1 wa Julai 2018 kupigiwa kelele nchi nzima. Tarehe 1 Julai 2021, siku chache tu kabla ya malipo kuanza, ushuru mpya wa asilimia 12 kwenye data za intaneti ulianza kutumika, hivyo raia aliyetaka kusoma habari za lini atalipwa aliichangia hazina kwanza.

Wapo watakaosema kwamba Uganda ina Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1985, ambao mfanyakazi huuchangia asilimia 5 ya mshahara na mwajiri asilimia 10. Ni kweli, na akiba hiyo huzaa riba kila mwaka. Lakini hadi marekebisho yaliyotiwa saini Januari 2022, sheria ilimbana mwajiri mwenye wafanyakazi watano au zaidi, na duka la kujalidi lenye watu watatu na paka halikuhusika. Aliyemo naye hulipwa afikapo miaka 55, au afikapo 50 iwapo amekaa mwaka mzima bila ajira. Marekebisho ya 2022, ambayo Bunge liliyapitisha mapema 2021, Rais akayarudisha, yakapitishwa tena, yaliongeza kwamba mwenye miaka 45 aliyechangia miaka 10 anaweza kuchukua asilimia 20 ya akiba yake, na mwenye ulemavu mwenye miaka 40 aliyechangia kwa muda huohuo, asilimia 50. Ni hatua, na waliozipata pesa hizo hawakuzikataa. Hata hivyo, aliyeachishwa kazi akiwa na miaka 32 hasaidiwi na kifungu hata kimoja: fedha ni zake, jina lake limeandikwa vizuri, S zake zote zimetimia, naye hushauriwa asubiri hadi mtoto aliyezaliwa mwaka huo aanze kunyoa ndevu.

Jirani amefanya vingine. Nchini Tanzania, mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 yaliweka fao la kukosa ajira, ambalo humlipa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita. Wafanyakazi wa Tanzania wamelilalamikia fao hilo, kwa kuwa lilichukua nafasi ya uhuru wa kujitoa na kubeba michango yote mara moja, na mwaka huohuo mvutano wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu, ulifika mezani kwa Rais Magufuli, aliyeamuru mwezi Desemba kanuni mpya isitishwe. Malalamiko hayo ni ya haki. Ila ni malalamiko ya watu wenye kifungu cha kulalamikia, na tofauti hiyo ni kubwa: mdai wa Dodoma akicheleweshewa malipo husema anadai chake, ilhali mdai wa Wandegeya alipocheleweshewa aliambiwa avumilie, kwa kuwa zawadi haina tarehe.

Sheria ya 2022 sasa inamtaka kila mwajiri achangie, hata mwenye mfanyakazi mmoja, kwa hiyo jina la mjalidi limo katika daftari la mfuko na asilimia 15 inawekwa kila mwezi. Wabunge wakiifungua tena sheria hiyo, waongeze kifungu cha miezi sita ya theluthi ya mshahara kwa aliyeachishwa kazi, wa umri wowote, na wakati wa kuandika kanuni zake wamwite kwanza mtu mmoja anayejua Kiganda akae na mtengeneza programu.