Raha Tisa za Mfarishi wa Viraka, Tukihesabu Kurudi Nyuma

Mfarishi ni nguo tatu zilizokubali kulala pamoja: juu viraka, katikati pamba au blanketi kuukuu, chini bitana, kisha sindano inapita zote tatu ili zisiachane. Wifi yangu ameniuliza mara mia, "Tanga na joto lote hili, blanketi la nini?" Haya wifi, vuta mkeka ukae. Naanza na raha ya tisa, na utamu unapanda kadiri namba inavyoshuka.

9. Kiroba cha fundi. Kila fundi cherehani ana kiroba chini ya meza: vipisi vya vitenge, batiki, sare za harusi. Mwombe, atakupa na ahsante juu. Satini mwachie, inateleza kama kambare. Vingine vyote chukua. Katika mfarishi wangu wa kwanza kuna kipande cha sare ya harusi ambayo sikualikwa. Sasa bibi harusi analala miguuni kwangu kila siku.

8. Hesabu. Mfarishi wa sentimita 150 kwa 200, wa viraka vya sentimita 10, unataka viraka 15 kwa 20, yaani 300. Kila kimoja ukikate sentimita 11 na nusu, maana mshono unakula robo tatu ya sentimita kila upande. Ukishona vitano kila usiku baada ya isha, miezi miwili inatosha. Anza mwandamo wa Rajabu, na Ramadhani itakukuta unapinda pindo. Mwanangu, aliyekuwa akikimbia jedwali la kuzidisha kama anakimbia sindano ya zahanati, alilijua la 15 akiwa amelala kifudifudi sebuleni akinipangia mistari.

7. Kuloweka. Khanga nyekundu mpya ni mgeni mwenye maneno mengi. Mwache ayaseme yote kwenye beseni, si juu ya kiraka cheupe.

6. Siku ya kupiga bandi. Hapa nguo tatu zinashikizwa kwa mishono mirefu ya muda, itakayofumuliwa baadaye. Unaanza katikati na kwenda pembeni, ukisukuma mikunjo itoke nje. Ukianza pembeni, mkunjo unakimbilia katikati na kujenga nyumba huko. Meza ya kutosha kazi hii ni sakafu peke yake. Basi majirani wanapiga magoti kila mmoja na pembe yake, umbea unapita pamoja na uzi, na mwenye nyumba akirudi kazini anazungukia mlango wa uani. Chini tunatandika marekani. Jina hilo lina safari yake: katika karne ya 19 meli za Salem, Massachusetts, zilileta kitambaa hicho cha pamba Zanzibar, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Sandarusi ilikwenda. Marekani ilibaki, na mpaka leo ndiyo bitana ninayoipenda, kwa sababu kila ikifuliwa inazidi kulainika.

5. Kawandi. Hapa nitakaa kidogo, wifi, ongeza chai. Katika jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasiddi, watu ambao wahenga wao walivushwa Bahari ya Hindi kutoka Afrika, wengi wao wakiwa watumwa, wengine wakipitia Goa ya Wareno. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo zilizochakaa, sari na mashati. Hawaanzi na miraba iliyopimwa. Wanaanza kwenye kona, wanafuata ukingo wote, kisha wanazunguka kuelekea ndani, wakipachika kiraka juu ya kiraka, mpaka sindano ikutane na katikati. Mshono unaokishika kiraka ndio huohuo unaozifunga nguo zote. Na kazi haijaisha mpaka kila kona ipachikwe kipande cha pembetatu kilichokunjwa, kiitwacho phula, yaani ua. Kawandi isiyo na phula huhesabiwa kuwa iko uchi. Tangu nilipolijua hilo, mfarishi wangu hautoki mlangoni bila maua manne. Nani amtoe mtoto nje hajavishwa?

4. Kujua kwamba kazi hii ina mashujaa wake. Harriet Powers alizaliwa mwaka 1837 utumwani, Georgia, Marekani. Alishona mfarishi wenye picha 11 za hadithi za Biblia, watu na wanyama waliokatwa kwenye vitambaa na kupachikwa juu, akauonyesha kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens, Georgia, mwaka 1886. Mwalimu mmoja wa sanaa alitaka kuununua, Harriet akakataa. Baadaye shida ikambana, akataka dola 10, akapewa 5. Tena alirudi zaidi ya mara moja kuutembelea, kama mama anayekwenda kumjulia hali binti aliyeolewa mbali. Leo mfarishi ule umo katika jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington. Mimi kila nikifika hapo kwenye kurudi kuutembelea, naweka sindano chini kwanza.

3. Jibu la joto. Wifi, ndiyo hili. Mfarishi una unene unaoupa wewe. Wa Tanga natia katikati shuka kuukuu moja tu, na Kusi ikivuma mwezi wa saba, alfajiri utaukumbatia bila kuitwa. Wa binti yangu anayesoma Lushoto nilitia blanketi zima, maana kule milimani baridi inapiga hodi mpaka kwenye mifupa. Ananiambia mabwenini wanaugombania. Nimeanza wa pili.

2. Kugundua kwamba khanga yenyewe ilizaliwa kwa kushonwa. Hili lilinifanya nicheke peke yangu jikoni. Katika karne ya 19 wafanyabiashara walileta pwani leso za mraba, jina lililotoka kwenye Kireno, zikiwa zimechapwa mfululizo kwenye jora, bado hazijakatwa. Wanawake wa mjini walinunua sita kwa pamoja, wakazikata vipande viwili vya leso tatutatu, wakaviunga ubavu kwa ubavu, ikawa nguo moja ya kujifunga. Wenye jicho kali zaidi walinunua leso za michoro tofauti na kuziunga wapendavyo, ikaitwa leso ya kushona. Wafanyabiashara walipoona mwelekeo, ndipo wakaanza kuchapa nguo nzima. Mombasa mpaka leo wanaiita leso. Fikiri: pambo kubwa la mwanamke wa pwani lilitoka kwenye sindano ya mwanamke aliyekataa kusubiri duka limchagulie. Kwa hiyo nikiiweka khanga chini ya mkasi, shangazi zangu wasishike vichwa. Siiharibu. Naikumbusha utoto wake.

1. Maneno. Khanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yale maandishi yanayosema usichoweza kusema. Washonaji wengi hukata jina na kulitupa. Mimi nalihifadhi kwenye kopo la biskuti, na usiku wa kupanga viraka ndio usiku wa raha kuliko zote, kwa sababu maneno yaliyokatwa huanza kuzungumza upya. Nilikuwa na khanga ya HASIDI HANA SABABU, kuukuu, imetoboka upande wa kulia. Nilikuwa na nyingine ya MGENI NJOO MWENYEJI APONE, imeungua kwa pasi. Nikaokoa neno moja huku na neno moja kule, nikayaweka jirani. Yakasomeka: HASIDI APONE.

Sijawahi kuona khanga dukani yenye dua nzuri namna hiyo kwa adui. Nimeishona kwenye mfarishi wa chumba cha wageni, upande wa mto, ili kila anayelala hapo aipate, hasidi na asiye hasidi.

Wifi aliisoma mara mbili, akaigusa kwa kidole. Kesho yake alikuja na mfuko wa plastiki, na ndani yake khanga ya marehemu mama mkwe, ile aliyokuwa akijifunga kila Ijumaa, imepauka mpaka maua yake hayatambuliki. Jina lake bado linasomeka: NANI KAMA MAMA.

"Kata," akaniambia, "lakini neno usilikate."

Nimekata kulizunguka. Limekaa katikati ya mfarishi, zima, na sasa tunashona wawili, yeye akitokea pembe ile na mimi hii.