Barua za Kipupwe: Mshauri Awajibu Wenye Punda na Maksai

Ulipoingia mwezi wa Juni, na upepo wa kusi ukaanza kupiga juu ya nyanda hizi za Mbozi na Tunduma zilizoinuka zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, barua za wasomaji wetu ziligeuka zote zikawa za namna moja: mapenzi yaliachwa, madeni yakaahirishwa, mashemeji wakasamehewa, na kila mwandishi akaja na kilio cha baridi. Wengi wao ni watu wa kazi ya nje, wenye kuamka kabla ya adhana ya alfajiri ili kumfunga punda kwenye mkokoteni au kuwatia maksai nira, na wote wanataka nguo yenye joto kwa bei isiyomfilisi mja. Nimechagua barua chache za kujibiwa hadharani. Zile zilizonitukana nimezihifadhi.

*Mzee Mshauri, shikamoo. Nina mkokoteni wa punda wawili hapa Mpemba, napeleka mahindi na mkaa Tunduma. Nilinunua kwenye mitumba kabuti moja zito ajabu. Alfajiri linanifaa, lakini ikifika saa nne nimelowa jasho; nikilivua natetemeka, nikilivaa naungua. Je, nimeuziwa kabuti bovu? — Mwenye Punda Wawili, Mpemba.*

Marahaba, mwanangu. Kabuti lako halina dhambi. Dhambi ni kuitaka nguo moja ifanye kazi ya saa zote, ilhali baridi ya kwetu si ile ya Ulaya inayokaa mchana kutwa na usiku kucha kwa muda wa miezi. Yetu ni baridi ya mapambazuko, ya umande na upepo, ambayo jua likishapanda hujiondokea bila kuaga, kisha magharibi ikarejea mlangoni kama mdai. Na mtu atembeaye kando ya punda, apakiaye na kupakua magunia, hutoka jasho hata katika baridi shadidi, na jasho hilo ndilo adui wake mkubwa kuliko upepo, kwa maana maji yanapokauka juu ya ngozi huchukua joto la mwili yakaenda nalo.

Basi vaa kwa matabaka. Kinachompasha mtu joto aghlabu si uzito wa kitambaa, bali ni hewa iliyotulia, iliyozuiwa baina ya nguo na nguo, na ndiyo sababu sweta mbili nyepesi huishinda moja nene. Chini kabisa vaa fulana ya mikono mirefu inayoukaribia mwili, nayo ikiwezekana isiwe ya pamba, kwa kuwa pamba, pamoja na sifa zake zote katika joto la Tanga, hulinywa jasho ikalishikilia. Juu ya hiyo vaa sweta ya sufu. Na juu ya yote koti jepesi lisilopitisha upepo, lenye zipu mbele, upate kulifungua kidogo kidogo kadiri jua linavyopanda, na hatimaye kulivua na kulikalia kwenye ubao wa mkokoteni. Katika hizo tatu, ya katikati ndiyo ya kuigharimia, kwani sufu huendelea kutia joto hata ikiwa imelowa umande, jambo ambalo pamba hailiwezi asilani.

Utaitambuaje sufu katika rundo la mitumba, ambamo vibandiko vimekatwa, au vimeandikwa kwa Kijerumani na Kikorea? Mwombe muuzaji ruhusa, uchomoe uzi mmoja katika pindo la ndani, uuwashe kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, moto wake hauna haraka na mara nyingi hujizimia, na jivu lake husagika vidoleni. Pamba huwaka upesi na harufu yake ni ya karatasi. Ama nailoni na jamaa zake, hizo huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Muuzaji akikukatalia uzi huo mmoja, ishuku sweta yake. Au tuseme tusimshuku upesi hivyo: huenda amechoka tu na watu wanaomchomea bidhaa.

Tena usinunue mwezi wa Juni, wakati hata kipande cha shali hupata kiburi cha bei. Nenda Januari au Februari, mvua zinaponyesha, watu wanapohangaikia mbolea na ada za shule, na makoti yamelala chini ya rundo yakisubiri mwenye macho. Kisha fedha utakayoiokoa uitumie pale ambapo baridi huingilia, yaani shingoni, viganjani na nyayoni. Mzula mmoja wa sufu ulioteremshwa mpaka masikioni utakufaa kuliko kola ya manyoya. Gambuti zako ziwe kubwa kidogo kuliko mguu, ndani yake uweke kipande cha blanketi kuukuu kilichokatwa kwa umbo la wayo. Lakini usisokomeze soksi tatu mpaka vidole vikakosa nafasi, maana damu ikizuiwa kupita, mguu hupoa ndani ya soksi hizo hizo.

Na kwa kuwa kazi yako ni ya kushirikiana na mnyama, lipo neno ambalo muuza makoti hatakwambia. Koti la nailoni linalochakacha kila ukiinua mkono humtisha punda asiyelizoea; shali yenye ncha ndefu, na kamba zinazoning'inia kofiani, huvutwa na gurudumu au na hatamu; na kamba ya kumwongozea mnyama usiizungushe kiganjani eti kwa sababu umevaa glavu na huwezi kuishika sawasawa. Siku punda atakaposhtuliwa na honi ya lori katika foleni ile ya mpakani, utatamani uwe na kiganja kitupu chenye baridi.

*Mshauri, nisaidie. Nimenunua suruali nzuri inayovutika, nikafika nyumbani nikakuta imetiwa viraka vya ngozi upande wa ndani wa magoti. Rafiki zangu wanacheka. Muuzaji ameapa kwamba ni gredi ya kwanza. Nimrudishie? — Aliyeaibika, Tunduma.*

Usimrudishie, na umwombe radhi kwa yale uliyoyasema moyoni. Suruali hiyo haikutiwa viraka, ilizaliwa navyo. Ni vazi la mpanda farasi, na ile ngozi, au kitu mfano wa ngozi, hushonwa ndani ya magoti ili miguu yake ilishike tandiko mnyama anapokwenda shoti. Ukiendelea kuchambua rundo hilo hilo huenda ukakutana na ndugu zake: koti refu lililopasuliwa nyuma kutoka kiunoni hadi chini, ambalo mchuuzi atakuambia limechanika kidogo tu, kumbe lilikatwa vile kwa makusudi, ili mwenye kuketi juu ya seruji aziache pande zake mbili ziangukie kulia na kushoto zikamfunike mapaja, na kizibao kisicho na mikono, kilichotiwa pamba na kushonwa kwa miraba, ambacho kwa mtu wa mkokoteni ni nguo bora kuliko zote nilizozitaja, kwa kuwa hupasha kifua na kuiacha mikono huru.

Nasema haya kwa mshangao fulani, maana katika mji huu farasi hatumwoni. Mtu wa Ulaya ya baridi alinunua vazi la kuhudumia farasi wake, akalichoka, akalitoa sadaka. Likafungwa katika robota, likavuka bahari, likashushwa Dar es Salaam ambako joto haliliruhusu kuvaliwa, likapandishwa kwa lori zaidi ya kilomita 900 mpaka hapa, na hatimaye likaangukia begani mwa mtu ambaye kwa hakika anafanya kazi na mnyama alfajiri, ingawa mnyama huyo ana masikio marefu zaidi. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba masokoni ifikapo 2019. Tarehe hiyo ilipita, na robota zingali zikifunguliwa. Wenye elimu ya uchumi na wateteao viwanda vyetu wana hoja nzito juu ya jambo hili, nami siwapingi. Ila sijasikia bado ni nani kati yao atakayemuuzia mwenye punda wa Mpemba koti jipya kwa bei hiyo.

Ivae, basi, suruali hiyo ndani ya suruali pana ya kazi, na mzaha wa rafiki zako utakoma kwa kukosa cha kuona. Nguo za ndani kabisa ununue mpya, hata kama ni za bei ndogo, kwani Shirika la Viwango Tanzania lilikwisha zikataza zile za mitumba, nalo katika hili lina haki.

*Shikamoo Mzee. Mume wangu amechukua blanketi letu akamfunika punda, eti anatetemeka. Mimi nalala na khanga. Tafadhali mwambie kitu. — Mke Asiye na Blanketi, Mlowo.*

Marahaba, Bibi. Blanketi lirudi kitandani leo hii, na barua hii iwe hati yako. Lakini mumeo usimcheke, kwa kuwa si mjinga: punda asili yake ni nchi kavu ya kaskazini-mashariki ya Afrika, na manyoya yake hayazuii maji kama ya farasi, hata akilowa mvua hupatwa na baridi mpaka kwenye ngozi. Sasa ni kiangazi, hakuna mvua. Kinachomsumbua ni upepo. Mjengeeni ukuta wa mabua ya mahindi upande upepo utokako, mumwezekee pembe moja, na usiku mumwekee mabua na majani makavu ya kutosha, kwani chakula cha namna hiyo kinaposagwa na kuchacha tumboni ndicho kinachompasha joto kutoka ndani. Shamba limekwisha vunwa. Haya yote hayana gharama ila jasho la huyo huyo mumeo.

Blanketi lenu litakapochakaa, na mtakapokuwa mmepata jingine, ndipo vipande vyake apewe punda, navyo si vya kumfunika bali ni vya kuufunga mkanda wa kifuani anakovutia mzigo, usimchubue. Namwona kila asubuhi barabarani punda aliyefungwa nira ya ng'ombe, mti mkavu ukimsugua shingo, wakati punda hakuumbwa na nundu ya kuibebea nira, naye nguvu zake za kuvuta zimo kifuani. Mwenye kumtesa hivyo, halafu akaniuliza mimi habari za sweta lake mwenyewe, simjibu.

*Mshauri, nimeona jaketi lenye mabaka ya kijani, zito na rahisi sana. Nalitaka kwa kuchungia maksai. — Kijana wa Ndalambo.*

Liache pale pale. Mwezi wa Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa siku saba kwa kila raia mwenye sare zake, au mavazi yanayofanana nazo, ayasalimishe. Urahisi wa bei yake unatokana na ujasiri wa muuzaji. Maksai nao hawapendi mabaka wala hawayachukii.

*Mheshimiwa Mshauri, nimechoshwa na punda. Nataka kununua farasi, niwe wa kwanza Vwawa. Nivae nini, na hasa koti nililoliona lenye kola ya manyoya linafaa? — Mpenda Adhama.*

Mwanangu, kabla hatujafika kwenye kola, fikiri kwanza kwa nini huko Vwawa hakuna farasi. Uko ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi waumao usiku, ambao punda na punda milia aghlabu huupita salama, na farasi huaga dunia. Na katika nchi za chini kuna mbung'o. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo na farasi wawili, mmoja akiwa zawadi ya Seyyid Barghash, na wote wawili wakamfia katika siku za mwanzo za safari, pale Kingaru. Alipomzika wa kwanza, mtawala wa mahali pale akamdai doti mbili za nguo kwa kuzika mnyama katika ardhi yake bila idhini. Stanley akajibu kwamba basi watamfukua na kumwacha juu ya ardhi kama alivyokuwa. Na yule mzee, baada ya kuitafakari harufu itakayofuata, akaona deni si lazima.

Kama bado umeshikilia, watazame Wasotho, ambao nchi yao ya Lesotho huanguka theluji katika miezi hii hii, nao ni wapanda farasi hodari. Tangu enzi za Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza katika karne ya 19 wao huvaa blanketi la sufu lililofungwa kwa pini kubwa, linalomfunika mpandaji mpaka magotini na kuutia joto mgongo wa farasi pia. Hawana kola ya manyoya.

Ama hiyo kola uliyoiona, mwulize muuzaji kama inatoka kwenye koti, uinunue peke yake ukamshonee mama yako. Koti lenyewe limekatwa jembamba kwapani, na siku ya kwanza utakapoinua mkono kumvisha mnyama lijamu litachanika mpaka kiunoni.