Jua Ni la Bure, Swichi Ina Gharama

Hita ya sola ya mirija ya vioo, kama zile zinazoonekana kwenye mapaa ya Nairobi, mara nyingi haihitaji pampu. Maji yakipata moto ndani ya mirija huwa mepesi, hupanda tangini, na ya baridi hushuka kushika nafasi yao. Ndiyo maana tangi hukaa juu ya mirija. Kwa kuwa jiji liko kusini kidogo ya ikweta, mirija hutazamishwa kaskazini, ingawa wapo mafundi ambao huitazamisha popote ngazi yao ilipofika.

Julai, mawingu yakitanda kutwa, kazi hupewa kipashio cha umeme kilichomo tangini. Swichi yake iko ukutani karibu na bafu, na hapo ndipo amani ya nyumba huvunjika. Mgeni kutoka ushago, aliyeambiwa kwamba maji ni ya jua, huibonyeza akidhani ni ya taa. Taa haiwaki, anaiacha hivyo hivyo na kuoga gizani kwa adabu. Kipashio cha kilowati 2 kikifanya kazi kwa saa 5 hula yuniti 10 za stima, na tokeni zikiisha usiku, anayelaumiwa ni friji. Hata wenyeji hukosea: kuwasha asubuhi baada ya watu kuoga ni kulipia kazi ambayo jua lingeifanya bure kufikia saa 10 alasiri.

Matunzo si mengi. Maji ya kisima huacha ukoko wa chokaa kwenye kipashio, hivyo husafishwa. Ndani ya matangi mengi ya chuma kuna fimbo ya magnesiamu inayoliwa na kutu kwa niaba ya tangi; ikiisha bila kubadilishwa, kutu hugeukia tangi lenyewe. Mrija mzima una doa la rangi ya fedha kwenye ncha yake. Likigeuka jeupe, hewa imeingia na mrija ubadilishwe.

Hasara kubwa huja siku ya furaha. Mgao wa maji umekausha mtambo, kisha bomba linarudi saa 7 mchana, na nyumba nzima inashangilia huku vali ikifunguliwa. Mirija mitupu iliyoiva juani ikipokea maji baridi hupasuka, na shangwe hukatizwa na sauti ya vioo. Mtambo uliokauka hujazwa alfajiri, kabla jua halijachomoza. Mwenye haraka aifunike mirija kwa turubai na kuiacha ipoe kwanza. Turubai ni rahisi kuliko mirija mipya.