Trei Moja ya Mayai

Jumapili
Bibi wa watoto wangu anakuja Jumamosi. Keki nzito hali. Anasema humlalia tumboni. Watoto wameomba tumwokee keki nyepesi ya tabaka mbili, katikati jamu ya embe. Nimenunua trei moja, mayai 30. Mkubwa, mwenye miaka 9, atapima na kuangalia saa. Mdogo, wa miaka 5, ameomba kazi moja tu: kupasua mayai. Nimemkubalia.

Jumatatu
Nilitaka tutenganishe ute na kiini, ute tuupige peke yake mpaka usimame. Yai la tatu mdogo alilipasua kwa nguvu, kiini kikachanika, tone likaingia kwenye ute. Nikaona ni tone tu, tukaendelea. Tumepiga kwa zamu hadi mikono ikachoka, ute ukabaki majimaji yenye mapovu kama ya sabuni. Kiini kina mafuta, na mafuta kidogo tu huuzuia ute kuumuka. Ilinipasa kumpa mtoto kibakuli cha pembeni, kila yai lipasuliwe humo kwanza. Tumeyakaanga kwa vitunguu, tumekula na chapati. Yamebaki 26.

Jumanne
Leo tumepiga mayai mazima. Mkubwa alipima sukari gramu 120 na unga gramu 120 kwa mayai 4, kisha akaulizia beking pauda. Nikamwambia keki hii haitiwi.

"Kabla ya beking pauda watu walifanyaje, Baba?"

Nikamweleza kwamba Alfred Bird, mfamasia wa Birmingham, Uingereza, alitengeneza ya kwake mwaka 1843. Kabla ya hapo, mwokaji asiyetaka hamira mara nyingi alitegemea mayai yaliyopigwa sana. Basi tukapiga mayai na sukari, bakuli likiwa juu ya sufuria ya maji ya moto, mpaka povu likawa jeupe na zito. Ukiinua mchapo, lilichuruzika na kuacha utepe juu yake kabla ya kuzama.

Simu ikaita, nikatoka. Niliporudi, mdogo alikuwa ameshamimina unga wote kwa mpigo na anakoroga kama uji. "Nimekusaidia, Baba," akaniambia. Keki imetoka na kimo cha kidole kimoja. Yai jingine lilidondoka sakafuni. Yamebaki 21.

Jumatano
Tumeshika mwiko pamoja, mkono wangu juu ya wa mdogo. Unga tuliuchekecha, tukautia kwa mafungu matatu, tukichota chini na kuleta juu polepole ili povu lisife. Oveni nyuzi 180. Dakika ya 10 umeme ukakatika.

Tulikaa mbele ya kioo na tochi. Keki ilikuwa imepanda hadi ukingo wa chombo. Ikashuka taratibu huku tunaitazama. Hewa iliyomo ndani ya povu hutanuka kwa joto na kuinua keki, lakini mayai lazima yaive ndipo yaishike isirudi. Ya leo hayakuwahi. Mkubwa amelia, na mimi nimekaa naye mpaka akanyamaza. Yamebaki 17.

Alhamisi
Hatukuoka. Jirani yetu, mama anayeoka keki za kuuza, ametushauri tutumie jiko la mkaa: sufuria kubwa yenye mchanga mkavu, chombo cha keki juu ya mchanga, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Watoto wameosha mchanga na kuuanika uani. Kuku wameuchakura wote. Tumeuzoa na kuuchekecha upya jioni.

Ijumaa
Povu zuri, unga umeingia vizuri, makaa yamekolea. Dakika ya 12 mdogo alifunua mfuniko aone. Majivu yakamwagika juu ya keki, joto likatoka, katikati ikabonyea. Nilimpazia sauti, akaenda kujificha nyuma ya mlango. Nimemfuata huko na kumwomba radhi, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia asifunue. Tumekata upande usio na majivu, tukaonja watatu. Ilikuwa nyepesi kweli. Yamebaki 13.

Jumamosi
Tumeanza saa 12 asubuhi. Mdogo alipasua mayai 4 kwenye kibakuli, akakaa kulinda mfuniko, mikono nyuma. Dakika ya 30 kijiti kilitoka kikavu. Tumeipasua tabaka mbili kwa uzi wa kushonea, kila mtoto akivuta ncha yake.

Nilipaka krimu keki ikiwa bado na joto. Ikayeyuka na kuchuruzika hadi kwenye sahani. Nimeifuta, tukabaki na jamu ya embe. Tabaka la juu likateleza upande, mkubwa akalishikiza kwa vijiti viwili vya mishikaki.

Bibi alipofika, aliibonyeza kwa kidole, ikainuka yenyewe. Akala vipande viwili. "Hii hainilalii, wajukuu zangu," akasema, akaomba afungiwe kipande cha tatu cha safari.

Mzazi mwenzangu, ukitaka kuoka na watoto, wape kazi ya kweli, na sababu ya kazi hiyo waambie kabla hawajaishika. Mtoto anayejua kwamba keki inasimama kwa hewa huulinda mfuniko mwenyewe.

Trei ina mayai 9: manne ya keki ya wiki ijayo, manne ya akiba, na moja la mdogo, ajifunze kutenganisha kiini na ute.