Heko, Fomu 201

Malenga wetu wamesifu mnazi, jahazi, kanga na hata embe dodo. Fomu haijapata wa kuisifu. Mtu akipewa fomu dirishani hukunja uso, akaazima kalamu ya karani, akaondoka na kalamu hiyo kwa hasira. Mimi nami nilikuwa hivyo, mpaka nilipoamua, na umri wangu huu wa miaka hamsini na ushee, kujifunza kuwinda ayala huku Uingereza, nikaambiwa kwamba kabla ya bunduki kuna Fomu 201, ile ya kuomba kibali cha silaha kwa polisi. Tumekaa pamoja miezi tisa, kama mimba. Nimeuona wema wake, na kuunyamazia ni dhambi.

Kwanza huyo ayala mwenyewe. Kwetu Muheza hayupo. Tuna paa, swala na mbawala, ambao pembe zikishaota wanakufa nazo. Ayala dume huangusha pembe zake kila mwaka akaotesha nyingine, mithili ya mti unaopukutisha majani. Hata jina lake wengi wetu tulilisikia kwa majirani Wakristo tu, maana limo katika Zaburi. Huku wapo wa aina 6: wawili ni wenyeji, wanne waliletwa na watu, baadhi yao na matajiri waliotaka mapambo ya bustani zao. Mbwamwitu waliokuwa wakiwala waliuawa wote karne nyingi zilizopita, kwa hiyo ayala amebakiwa na maadui wawili, gari na mwindaji. Wanakadiriwa kufikia milioni 2, na mche wowote unaochipua msituni kwao ni mboga. Ndiyo maana wenye misitu humtafuta mtu wa kuwapunguza. Nyama yake haina mafuta, nami nikishapiga bismillah kabla ya kufyatua, sina shaka nayo.

Babu yangu aliwinda kwa gobore. Kibali chake kilikuwa karatasi moja iliyokunjwa mara nne, akiihifadhi ndani ya kofia. Masika moja ikalowa, wino ukachuruzika, na tangu siku ile akawa anamwonyesha bwana nyama doa la buluu. Bwana nyama alilitazama doa, akalirudisha kwa heshima. Angalieni unyonge wa kibali cha namna hiyo! Kilikaa kichwani mwa babu miaka yote na hakikujua lolote lililomo ndani ya kichwa hicho.

Fomu 201 inataka kukujua. Sheria ya Silaha ya mwaka 1968 inamtaka mkuu wa polisi wa eneo lako aridhike kwamba unafaa kukabidhiwa silaha, kwamba una sababu nzuri ya kuwa nayo, na kwamba hutahatarisha usalama wa watu. Sababu nzuri! Nimeoa, nimezaa, nimehama bara zima, na katika yote hayo hakuna aliyeniuliza kama nina sababu nzuri. Kwa bunduki ya kuwindia imebidi ninyooke. “Nazipenda” haitoshi. “Najilinda na wezi” ndiyo mbaya kupita zote. Ukiiandika umejifungia mlango mwenyewe. Sababu ni ayala wa aina fulani, katika shamba fulani, la mtu fulani aliyekuruhusu kwa maandishi, na kila bunduki iwe na sababu yake. Hata kipenyo cha mtutu si cha kuchagua kama rangi ya shati. Mimi nilitaka kumwinda roe, yule ayala mdogo wa vichakani, na kwa England sheria inataka mtutu usiopungua inchi .240. Nikaomba .243, nikajiona mtu wa wastani.

Ada ilikuwa pauni 88 kwa takriban miaka kumi. Februari 2025 ikapanda hadi 198, wiki mbili kabla sijatuma yangu. Wengine walinung’unika. Fomu inayotaka kukujua mpaka ndani haiwezi kuuzwa bei ya fungu la mchicha.

Halafu ikaja sehemu ya makosa. Kwenye silaha hakuna kosa linalozeeka likasahaulika. Unaandika yote, hata la mwendo kasi, na linaloachwa ni lile la kuegesha gari vibaya. Mke wangu ndiye aliyekuwa akinisomea maswali, mimi nikiandika.

“Kosa lolote?” akauliza.

“Mwendo kasi,” nikasema. “Mwaka 2009. Maili 46 penye 30. Leicester.”

Akashusha miwani. “Baba watoto, Leicester mwaka 2009 si ulisema gari liliharibika?”

Mashekhe wameongea na mimi juu ya ukweli katika ndoa tangu nikiwa kijana. Hawakufika Leicester. Fomu ilifika kwa swali moja, jioni moja, chai ikiwa bado ya moto.

Sehemu ya afya nitaipita upesi, kwa kuwa daktari wangu hakuipita upesi. Inauliza habari za sonona, kifafa, ulevi, akili kusahau, na daktari anapaswa kuthibitisha kwa barua. Barua ile alikaa nayo wiki saba na kunitoza pesa ambayo kwetu ingenunua mbuzi mwenye afya kunishinda.

Utamu wote uko kwenye wadhamini. Wanatakiwa wawili. Wawe wanaishi nchini, wawe na tabia njema, na wawe wamekujua kwa miaka 2 au zaidi. Wasiwe askari wala watumishi wa polisi, wala wauza bunduki waliosajiliwa. Na wasiwe watu wa familia yako ya karibu.

Hapo nikakwama. Nimeishi katika mji huu miaka 14, na kila ninayemfahamu ni ndugu, na kwetu ndugu wote ni wa karibu. Yule wa duka la simu ni mtoto wa shangazi. Anayeninyoa ni shemeji. Imamu amemwoa binamu yangu wa Pangani. Yule mama anayetuuzia samaki wa kukaanga hatuna damu moja naye, ila alinyonyeshwa na mama yangu, na wenye dini yao wanajua maana yake. Akabaki mzee mmoja wa Kinyamwezi ambaye si ndugu hata chembe. Lakini ni mtani wangu, na mtu anayemwomba mtani akamwelezee tabia zake kwa polisi amejitakia makubwa. Nilimjaribu. Alinijibu kwamba atasema kweli tupu, kuwa mimi ni mwizi wa kuku wa ukoo unaojulikana, na akaniomba tahajia sahihi ya jina langu.

Usiku ule nilikaa na fomu mezani nikahesabu. Miaka 14 ya kuishi kati ya watu, na huku nje ya ndugu zangu hakuna hata mmoja anayejua kama mimi ni mkali au mpole, kama nalewa au sinywi. Nyumba ya pili kutoka kwetu yupo mzee mwenye mbwa wa kahawia. Kila asubuhi tulizungumza mvua: leo inanyesha, jana ilinyesha, kesho itanyesha. Kama polisi wangemuuliza habari zangu angewaambia kwamba naijua mvua.

Nikampelekea pilau. Aliipokea sahani kwa mikono miwili, akanusa iliki, akaniambia niingie ndani. Sikuwahi kuiona sebule yake. Ukutani palikuwa na pembe za ayala dume, kavu, zimejaa vumbi, na chini yake picha ya marehemu mkewe akiwa amevaa mabuti ya mpira. Kumbe amezaliwa shambani na amewinda miaka thelathini. Nilikuwa nikimweleza mvua mtu ambaye angeweza kunifundisha upepo: uje usoni kwako, ukikupiga kisogoni rudi nyumbani. Alinionyesha pia jambo ambalo maafisa huliulizia sana, kwamba nyuma ya mnyama lazima pawe na udongo wa kuimeza risasi, na kwamba ayala aliyesimama juu ya kilima mbingu zikiwa nyuma yake hapigwi, hata awe mnono vipi. Akakubali kunidhamini. Wiki chache baadaye alikuja mlangoni kwetu, amevaa ndala.

“Wameniuliza kama una hasira,” akasema. “Unayo?”

Sikujua nijibu kwa sauti ya kiasi gani.

Mdhamini wa pili, mwalimu wa zamani wa binti yangu, alipatikana kwa sambusa.

Mwisho akaja afisa wa kukagua nyumba. Hakuwa na sare. Alikuwa mtumishi wa kiraia wa polisi, mwanamume mpole mwenye faili. Mimi nilikuwa nimeandaa chapati, yeye alitaka kuliona kabati. Kabati la chuma, la kiwango cha BS 7558, limefungwa kwa bolti kwenye ukuta wa matofali, mahali ambapo mpita njia halioni. Alilishika akalitikisa. Ukuta ulitikisika kidogo, kabati halikutikisika, akaridhika. Kisha akauliza ufunguo utakaa wapi.

“Kwenye droo ya jikoni,” akadakia mke wangu, anayejua kila kitu kinapokaa.

Afisa akaweka kalamu chini. Akaeleza taratibu kwamba asiye na kibali hatakiwi kuufikia ufunguo, na hilo linamhusu mke pia. Mke wangu alimtazama, akanitazama mimi, akaitazama sahani ya chapati kama anayefikiria kuirudisha jikoni.

“Miaka kumi na tisa,” akasema kwa Kiswahili. “Serikali imekuagiza unifiche kitu. Na wewe umefurahi.”

Sikukana. Nyumbani kwetu hapajawahi kuwa na siri iliyodumu zaidi ya ile ya Leicester. Sasa ninayo moja, halali, iliyoamriwa na mwongozo, na nikiulizwa natabasamu tu. Fomu gani nyingine imempa mume zawadi ya namna hii?

Niache mzaha kidogo. Mwaka 1996 mtu aliyekuwa na kibali aliingia shule ya msingi ya Dunblane, Scotland, akaua watoto 16 na mwalimu wao. Agosti 2021, katika mtaa wa Keyham mjini Plymouth, kijana aliua watu 5 kwa bunduki ambayo polisi walikuwa wamemrudishia mwezi uliotangulia. Barua ya daktari iliyonigharimu mbuzi ilikuja kuwa lazima Novemba mwaka huohuo. Ninapokumbuka hayo, nikizitaja wiki zile saba napunguza sauti.

Kibali kilifika tarehe 4 Novemba. Madume ya roe huwindwa kuanzia 1 Aprili hadi 31 Oktoba. Nilituma Februari makusudi ili niwahi Aprili, na fomu, kwa huruma yake, ikawapa madume wote wa shamba lile mwaka mzima wa kuishi. Niliruhusiwa majike, ambayo msimu wake ndio kwanza umefunguka, na katika ardhi ambayo polisi wameiona inafaa tu. Kiasi cha risasi ninachoweza kuwa nacho kimeandikwa. Nikinunua, muuzaji anaandika. Bunduki nayo, tangu siku ya kuinunua, polisi wawe wamejulishwa ndani ya siku saba. Babu angeisoma karatasi ile akadhani ni mkataba wa posa.

Jike la kwanza nilimwona asubuhi yenye ukungu, mita themanini hivi, upepo usoni, na nyuma yake hakukuwa na udongo bali uzio na barabara. Nilimtazama mpaka akaondoka. Mzee wangu, aliyekuwa amelala kifudifudi kando yangu, alinipiga begani mara mbili bila kusema kitu. Tulirudi tukanywa chai kwake, chini ya zile pembe, ambazo sasa hazina vumbi kwa sababu mke wangu huenda kumfutia.

Kibali kinadumu miaka 5. Kukihuisha ni pauni 131, na wadhamini wawili wanatakiwa tena. Mzee ana miaka 83. Kila Ijumaa nampelekea pilau, na chumvi nimepunguza.