Filta ya Nairobi, Giza la Rapsu

Juu ya paa la ghorofa jijini Nairobi, mpiga picha wa anga hana adui mmoja. Kuna taa za barabara kuu, kuna mabango ya matangazo yasiyolala, na kuna jirani wa upande wa pili ambaye taa yake ya usalama huwashwa na paka akipita. Mmarekani John Bortle alitunga mwaka 2001 kipimo cha giza la usiku, kuanzia 1 palipo na giza tupu hadi 9 katikati ya jiji, na katikati ya Nairobi hakuna wa kubishania namba. Ukiiacha kamera wazi dakika tatu, unapata kijivu chenye wekundu kutoka pembe hadi pembe. Nyota zimo, ila zinahitaji kutafutwa.

Hapo ndipo jamaa yetu, mkazi wa ghorofa ya tano mwenye darubini ndogo na kamera ya rangi, alipoanza kusoma habari za filta za mkanda mwembamba. Filta ya namna hii ni bawabu mkali: wageni wake anawajua kwa nanomita, na asiye kwenye orodha harudi mara ya pili. Anayeruhusiwa kwanza ni mwanga mwekundu wa haidrojeni, nanomita 656.3. Wa pili ni wa oksijeni, rangi ya kati ya kijani na bluu, nanomita 500.7. Wakati mwingine yupo wa tatu, salfa, karibu na 672. Mawingu ya gesi angani, yaani nebula, hutoa mwanga wao mwingi kwenye mistari hiyo michache. Taa za zamani za sodiamu nazo zilikuwa na adabu ya kukaa karibu na 589, kwa hiyo filta za zamani zilijua pa kuzikata. Taa nyeupe za LED humwaga rangi zote, na dhidi yake kinga ni kuubana mlango kabisa.

Wa kwanza kuuona mstari huo wa oksijeni kwenye nebula hakujua anaangalia nini. Tarehe 29 Agosti 1864, Mwingereza William Huggins alielekeza spektroskopu yake kwenye nebula moja ya kundinyota la Draco akitarajia upinde wa rangi kama wa nyota. Akakuta mistari michache tu, na ule wa kijani haukufanana na wa elementi yoyote iliyofahamika. Wanasayansi wakaubunia elementi mpya, wakaiita nebuliamu, wakaishi nayo miongo mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Ira Bowen wa Marekani akaonyesha kwamba ni oksijeni ile ile tunayovuta, ila imepokonywa elektroni mbili na iko mahali patupu kuliko maabara yoyote. Elementi nzima ilifutwa, na hakuna aliyeomba radhi.

Sasa kamera. Kamera ya rangi ina sensa iliyopakwa vigae vya rangi kwa mpangilio ambao Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak alipewa hataza yake mwaka 1976: katika kila pikseli nne, mbili ni za kijani, moja nyekundu, moja bluu. Ukiweka filta ya haidrojeni peke yake, inayofanya kazi ni ile moja nyekundu. Tatu zinakaa bure na mshahara zinachukua. Kwa hiyo watu wa kamera za rangi hununua filta ya mikanda miwili, inayopitisha haidrojeni na oksijeni kwa pamoja. Haidrojeni inaangukia pikseli nyekundu, oksijeni inaangukia za kijani na bluu, na kila mtu ana kazi.

Kilichobaki ni upana wa mlango. L-eXtreme ya Optolong ina nanomita 7 kwa kila mkanda. ALP-T ya Antlia ina 5. L-Ultimate, ya Optolong pia, ina 3. Jamaa yetu alitazama namba hizo kama anavyozitazama mtu yeyote aliyelelewa na mitihani, akaamua kwamba ndogo ndiyo bora. Filta ya inchi mbili ya aina hii hupita shilingi elfu thelathini za Kenya kabla hujazungumza na watu wa ushuru. Nyumbani alisema ni kioo cha kulinda lenzi. Kwa maana fulani, kinalinda.

Kisha akaalikwa Rapsu.

Rapsu iko wadi ya Kinna, Garbatulla, Kaunti ya Isiolo, jirani na Hifadhi ya Bisanadi na Mbuga ya Taifa ya Meru, ile alikozikwa Elsa, simba wa akina Adamson. Ni nchi ya Waborana, yenye mifugo na mashamba ya kumwagiliwa maji. Jua likizama, giza haliji kwa awamu. Njia Nyeupe inatanda upeo hadi upeo, na mtu wa mjini hujikuta akiwasha tochi ya simu kuhakikisha miguu yake bado ipo.

Matatizo yalianza kabla filta haijatoka kwenye kisanduku. Mtambo unaobeba darubini na kuzifuata nyota hutaka mhimili wake uelekee ncha ya anga. Mtu wa Ulaya huinua shingo, akaiona Nyota ya Kaskazini imekaa juu kwa heshima zake, akalenga. Rapsu iko chini ya digrii moja kutoka Ikweta. Nyota hiyo, ambayo mabaharia wa pwani huiita Jaa, inalala kwenye upeo wa macho, na usiku ule ilikuwa nyuma ya mgunga, nyuma ya vumbi, na kwa kadiri jamaa yetu alivyoweza kukisia, nyuma ya ngamia. Mitambo mingi haikuundwa kulazwa hadi karibu na sifuri. Chuma cha kusawazisha uzito hugonga mguu wa mbele, kikitoa mlio ambao mwenye mali husikia tumboni. Dawa ya kienyeji ni kuinua mguu mmoja kwa jiwe, ili mtambo wote udanganyike kwamba uko latitudo nyingine.

Mtambo ulipodanganyika, filta ikaingia. Programu ya kutambua mahali darubini inapoangalia hufanya kazi kwa kuzihesabu nyota kwenye picha fupi na kuzilinganisha na ramani. Mikanda miwili ya nanomita 3 ni nanomita 6 kati ya takriban 300 ambazo jicho huziona, yaani katika kila mia ya mwanga wa nyota zinabaki mbili. Programu ikatafuta nyota, ikakosa, ikajibu kwamba haijui iko wapi. Chini ya anga lenye nyota nyingi kuliko yote aliyowahi kusimama chini yake, kompyuta ilikuwa ikilalamika kwamba hakuna nyota. Zaidi ya hayo, kioo cha milimita 2 husukuma fokasi nyuma kwa karibu theluthi ya unene wake. Aliyepima milimita 55 kati ya lenzi ya kusawazisha na sensa bila kuongeza hiyo milimita 0.7, nyota zake za pembeni hutoka na mikia. Zake zilitoka na mikia.

Mzee mmoja aliyekuwa akilinda mahindi yake dhidi ya ndovu alivutwa na taa nyekundu, akaja, akasalimia, akavuta gogo. Jamaa yetu, akitaka kumpendeza, akageuza darubini kuelekea nyota za Kilimia. Waborana huziita Busan. Katika kalenda yao, aliyoieleza Asmarom Legesse kwenye kitabu chake cha mwaka 1973, wajuzi wanaoitwa ayyantu huufuata mwezi ukipita kwenye mfululizo wa nyota: Lami, Busan, Bakkalcha, Algajima, Arb Gaddu, Urji Walla, hadi Basa, ambayo ndiyo nyota ing'aayo kuliko zote usiku. Miezi ni 12, siku zenye majina ni 27, na betri haihitajiki.

Picha ikatokea kwenye kioo cha kompyuta: vitone vichache vyeupe, na weusi.

"Hizi ndizo Busan?" mzee akauliza.

"Ndizo, mzee. Huwa kuna ukungu wa bluu umezizunguka, mzuri sana. Ila hii filta imeuzuia."

"Kwa nini uuzuie?"

Jamaa yetu akaeleza. Ukungu wa Kilimia ni vumbi linaloakisi mwanga wa nyota, wa rangi zote. Haumo kwenye ile mistari miwili. Galaksi nazo ni hivyo hivyo, kwa sababu mwanga wake mwingi ni wa nyota. Filta ni ya nebula za gesi, na ni ya kuzuia taa za mjini.

Mzee akatazama kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, akitafuta taa za mjini. Akauliza bei. Akaigeuza kuwa mifugo, kimyakimya, kwa vidole.

"Kwa hiyo, kijana wangu, umelipa mbuzi watano ili uone kidogo kuliko mimi."

Mwenzake waliyesafiri naye alijaribu kucheka, lakini hali yake ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa na kamera ya kawaida ya harusi. Kamera hizo zina kioo chao cha ndani kinachopunguza wekundu ili ngozi za maharusi zitoke vizuri, na kioo hicho hukata sehemu kubwa ya mwanga wa haidrojeni. Filta ya nje ilikuwa ikiupitisha mwanga huo kwa gharama kubwa, na kamera ikiuzuia bure. Ndiyo sababu Canon walitoa 60Da mwaka 2012 na EOS Ra mwaka 2019, na Nikon wakatoa D810A mwaka 2015: kamera za anga, zisizoogopa wekundu. Wengine hupeleka kamera kwa fundi ikatolewe kile kioo. Baada ya hapo, maharusi wote hutoka kama wamepigwa na jua la Garissa.

Majira pia yana ucheshi wake. Fahari ya anga la kusini ni Nebula ya Karina, kubwa kuliko ile ya Orioni, na Rapsu huiona ikifika kama digrii 30 juu ya upeo. Wakati wake mzuri wa jioni ni Aprili, katikati ya mvua za masika. Orioni hupita karibu na utosi Januari na Februari, mawingu yakiwa yamepungua. Hiyo ndiyo ya kupangia safari. Hata hivyo anga la kaskazini mwa Kenya halisaini mkataba. Tarehe 3 Novemba 2013, watu walisafiri hadi Sibiloi, kando ya Ziwa Turkana, kutazama kupatwa kwa jua, na dhoruba ya mchanga na mvua zikafika kabla ya tukio lenyewe.

Filta ilipata heshima yake mwezi ulipokua. Mbalamwezi Rapsu huwa kali hata vivuli vya mbuzi huonekana, na wapiga picha wengine hufunga virago. Kwenye mstari wa haidrojeni, mwezi hauna mengi ya kusema. Oksijeni huumia zaidi, kwa kuwa mwanga wa mwezi unaotawanywa hewani huelemea bluu, lakini mawingu mekundu ya Orioni yalitoka safi, na safari hii mzee alisogeza gogo karibu.

Na kuona kidogo kwa makusudi kumewahi kuzaa makubwa. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza ya kuchunguza anga kwa eksirei peke yake. Ikapewa jina Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake. Januari 2023, Marcel Drechsler, Xavier Strottner na Yann Sainty walitangaza tao kubwa la oksijeni kando ya galaksi ya Andromeda, kitu kilichopigwa picha na dunia nzima bila kuonekana. Wao waliiacha kamera, yenye filta ya oksijeni na isiyo ya rangi, ikusanye mwanga kwa saa nyingi. Kwa Andromeda yenyewe filta ile ni hasara. Kwa lile tao, bila filta usingeliona.

Baada ya hesabu zote, orodha ya jamaa yetu ilibadilika. Giza la Rapsu lisipokuwa na mwezi: hakuna filta, ila kioo cha kukata infraredi. Mbalamwezi: mikanda miwili ya nanomita 7, ambayo huacha nyota za kutosha kwa programu kujitambua. Zile rangi za dhahabu na samawati za picha maarufu ya Hubble ya mwaka 1995, Nguzo za Uumbaji, zinataka salfa pia. Lakini salfa na haidrojeni zote huangukia pikseli nyekundu, kwa hiyo mwenye kamera ya rangi hununua filta ya pili, ya salfa na oksijeni. Ya pili akaiahirisha. Ile ya nanomita 3 akaitangaza kwenye WhatsApp.

Mteja alijitokeza kabla ya chakula cha mchana.

"Itanipa Andromeda?"

"Uko wapi?"

"Pipeline, Embakasi. Juu ya paa."

"Andromeda hapana. Orioni ndiyo, hata taa ya jirani ikikumulika mgongoni."

"Imetumika sana?"

"Kidogo. Ilikuwa Rapsu."

"Sawa. Bei ya mwisho?"

"Mbuzi wanne," jamaa yetu akaandika, akafuta, akaandika kwa shilingi.